Alhamisi za Kirumba

Mwanangu, aliyeanzisha zile Alhamisi alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mfupi mwenye sauti iliyozoea kuita mahudhurio, nasi tulimwita Mwalimu tu, utadhani Mwanza nzima haikuwa na mwalimu mwingine. Ilikuwa yapata miaka miwili tangu meli ya MV Bukoba izame ziwani, Mei 1996, na bado kila nyumba ilikuwa na jina la mtu ambalo halikutajwa mezani. Mwalimu alikuwa na mdogo wake aliyefanya kazi ughaibuni, na huyo, badala ya kumtumia kaka yake suti na viatu kama walivyofanya ndugu wa watu wengine, alimtumia kanda za filamu za hali halisi, zile zisizo na mwigizaji wala wimbo wa Kihindi. Alizichagua zilizopata tuzo tu, maana aliandika katika barua kwamba hawezi kulipia posta ya kitu kibovu. Mwalimu akaazima ukumbi wa parokia moja upande wa Kirumba pamoja na televisheni yake kubwa, akabandika tangazo kwenye mlango wa duka la dawa: kila Alhamisi saa moja jioni, kiingilio shilingi mia, watoto bure wakikubali kukaa sakafuni.

Ukumbi ule ulikuwa karibu na mwalo, kwa hiyo upepo wa ziwani ulipogeuka tulitazama huku tukinusa dagaa walioanikwa, na juu ya harufu hiyo ikaja ya kahawa ya mzee mmoja aliyekaa mlangoni na birika lake la shaba, kikombe shilingi ishirini, kashata vivyo hivyo. Waliokuja walikuwa wachuuzi wa samaki, makuli, mafundi cherehani, wanafunzi wa sekondari, na akina mama waliosema wamekuja kupumzisha miguu tu. Filamu zilikuwa za Kiingereza au Kijerumani zenye maandishi ya Kiingereza chini, na wengi wetu tusingeyawahi hata kama tungeyajua. Basi Mwalimu alisimama kando na rimoti mkononi, akisimamisha kanda kila baada ya dakika chache ili atufasirie. Ndipo mambo yalipoanzia hasa. Kanda ikisimama, mtu hunyoosha mkono. Huyu huuliza, yule humjibu kabla Mwalimu hajafungua kinywa, na filamu ya saa moja na nusu ikatuchukua hadi saa nne usiku.

Ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ni ile ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Jina lake When We Were Kings, na ilipata Oscar mwaka 1997, ingawa picha zenyewe zilikuwa zimekaa stoo zaidi ya miaka ishirini zikisubiri fedha na mwisho wa kesi. Tulikuwa tumekaa kwa furaha ya kumwona Ali akicheza na watoto barabarani, hadi ikatokea picha kubwa ya Mobutu, rais wa Zaire wakati ule. Fundi mmoja wa cherehani, mkimbizi kutoka Bukavu aliyekuwa akishona sare za shule kwa bei ya chini kuliko wote, akamwomba Mwalimu asimamishe. Akatueleza kwamba kwao pambano lilianza saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa Kivu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kwamba baba yake alikuwa na redio ya pekee mtaani, na watu walijaa hadi juu ya ukuta. Kwamba raundi ya nane ilipofika na Foreman akaanguka, walipiga kelele hadi jogoo wakanyamaza. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha kule, "Ile siku tulijiona wakubwa. Lakini ile pesa yote yenye walilipa, kwetu barabara haikufika." Mabondia walilipwa dola milioni tano kila mmoja. Mwalimu akaliandika lile neno la fundi kwenye daftari lake, kisha akabonyeza kanda iendelee.

Baadaye ikaja filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, iliyopata Oscar mwaka 1960. Wajerumani wale walikuwa wameipaka ndege yao ndogo milia ya pundamilia, wakaruka nayo juu ya mbuga wakihesabu wanyama, na hesabu yao ilipita 360,000. Michael hakuiona filamu ikimalizika; Januari 1959 ndege yake iligongana na tai, akafa akiwa na miaka 24, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Ukumbi ulimlilia yule kijana kwa heshima, maana msiba ni msiba. Ila nyuma kabisa alikaa mzee wa Meatu aliyekuja mjini kutibiwa macho, na macho hayo mabovu yalikuwa yameona asili ya mbuga ile kabla haijawekewa mipaka. Akauliza kwa upole, "Nyumbu wamehesabiwa. Na sisi tuliokuwa tukichunga pembeni pale, tulihesabiwa wapi?" Mwalimu akaeleza jinsi Wamaasai walivyohamishwa kutoka Serengeti, Ngorongoro ikatengwa mwaka 1959 ili wapate pa kukaa na mifugo yao. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akasema asante, akaomba kahawa. Sikumsikia mtu akiisema vibaya filamu ile, wala sikumsikia mtu akiisifu tena bila kumtaja mzee wa Meatu.

Sasa nifike kwenye ile ya sangara, ambayo ndiyo unayoiulizia kila mara. Hubert Sauper wa Austria aliipiga hapa hapa Mwanza, akaiita Darwin's Nightmare, ikatoka mwaka 2004, ikabeba tuzo Ulaya, ikiwemo César ya Ufaransa, na mwanzoni mwa 2006 ikawa miongoni mwa zilizowania Oscar. Ilieleza jinsi sangara alivyoletwa ziwani wakati wa ukoloni, akawala furu hadi wakakaribia kwisha, na jinsi minofu yake ilivyokuwa ikipakiwa kwenye ndege kubwa za Ilyushin kwenda Ulaya huku mwenyeji akibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, Rais Kikwete aliilaumu katika hotuba yake ya kila mwezi, na mji ukawaka. Yakafanyika maandamano. Jirani yangu aliandamana jua kali akiwa hajaiona hata dakika moja, naye alikiri hivyo bila aibu: aliambiwa imetutukana, na tusi halihitaji kuonwa.

Mwaka ule ulikuwa mbaya kwa kila namna. Mvua zilikosekana, ziwa likashuka hadi magati yakabaki yamening'inia, na mgawo wa umeme ukawa hauna adabu. Mwalimu alikuwa ameshapata projekta na shuka jeupe, tukachangishana petroli ya jenereta, na kiingilio kikapanda kuwa mia tatu. Diski aliletewa na mpwa wake. Watu walijaa hadi madirishani. Mwalimu alisema jambo moja tu kabla ya kuanza: "Leo sitafasiri maneno yenu mliyosema wenyewe kwa Kiswahili. Nitafasiri ya wageni." Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza pale ukumbini ambayo sisi tuliielewa kuliko majaji walioipa tuzo.

Ilipofika kwenye mapanki yaliyoanikwa juani, funza wakitambaa, mama mmoja aliyekuwa akikaanga mapanki karibu na stendi alisimama na khanga yake begani. "Mimi panki nalinunua asubuhi, nalisafisha, nalikaanga kwa mafuta ya sangara mwenyewe, na walimu wanakula, na polisi wanakula. Hao funza ni wa nani?" Ukumbi ukacheka, ukampigia makofi. Kijana aliyewahi kufanya kazi ya kuanika akasema yale ya juani mengi yalikuwa yakienda kwa chakula cha kuku. Mtu mwingine akamuuliza kama na yeye hajawahi kuyala alipoishiwa, kijana akatazama chini. Mama hakukaa. Akasema, taratibu zaidi, "Lakini msinielewe vibaya. Nakaanga mapanki kwa sababu minofu imepanda ndege. Hilo huyo mzungu hakusingizia." Kilo ya sangara wakati ule, kama ungempata, ilikuwa imeshapita uwezo wa mtu wa kibarua, na kila mtu mle ndani alilijua hilo kwa tumbo lake.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya silaha. Filamu ilidokeza kwamba ndege zinazokuja kubeba samaki huenda huleta bunduki za vita vya Afrika, na mmoja wa wafanyakazi wa ndege alikiri kupeleka vifaru Angola. Kuli mmoja wa uwanja wa ndege akasema amepakia samaki miaka mingi, na kila ndege aliyoingia ilikuwa tupu, inanuka mafuta tu. Fundi wa Bukavu akamwambia, "Uliona vile zinafika hapa. Haukuona fasi zinatokea." Kuli akajibu kwamba tetesi si ushahidi. Fundi akasema bunduki zilizomfukuza kwao hazikuota shambani. Wote wawili walikuwa na hoja, na Mwalimu hakumpa yeyote ushindi. Alizima jenereta tu kwa sababu petroli ilikuwa imekwisha.

Ukinitaka maoni yangu, yule Sauper hakutunga huzuni aliyoikuta. Watoto wa mtaani wa filamu ile walikuwepo, na yule mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale alikuwepo. Lakini alichukua giza letu akaacha mzaha wetu, na mtu wa Mwanza bila mzaha si mtu kamili. Usiku ule pale Kirumba tulivirudisha vyote viwili pamoja, na wala haikuhitaji aliyeipiga picha afute kitu, wala Serikali ifute kitu.

Zile Alhamisi hazikufa siku moja. Parokia ikahitaji ukumbi kwa masomo ya jioni, Mwalimu akahamia Magu kwa wanawe, na huko ndiko tulikomzika. Kuli na fundi bado wapo, wamezeeka, wanakutana Nyakato kwenye kahawa, na suala la silaha hawajalimaliza. Filamu yenyewe itafute uitazame, nakuruhusu. Ila usiitazame peke yako chumbani. Kwanza nenda kamwombe yule mama wa mapanki, au binti yake aliyerithi karai, mkae naye, umpe rimoti yeye.