Sauti ya Nyanya Ilinusurika

Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10. Nikabeba kompyuta yetu kuukuu hadi kwa fundi hapa Sarang'ombe, Kibera, aiwekee Linux.

"Mzee, umeweka nakala? Nitafuta kila kitu."

Nikacheka. Nakala ya nini?

"Baba, sauti ya nyanya imo humo," binti yangu akanong'ona.

Nikanyamaza. Mama alikwisha kutuaga. Hadithi zake hatukuwa nazo kwingine. Fundi alizinakili kwenye diski, akaifungua kwa kompyuta nyingine. Tukamsikia mama akikohoa, kisha: "Paukwa!"

"Pakawa!" binti yangu akaitika.

Ndipo fundi akafuta.

Ndugu msomaji, nakala isiyojaribiwa si nakala. Yangu ya pili iko kwa dada, Kawangware. Moto wa mitaa yetu haubishi hodi.