Sauti Tatu, Bosi Mmoja

Najua nimepotea. Niko home Babati, likizo inayoyoma, na projekti bado. Jumatatu naionyesha pale chuo, na ikigoma ni sapu, sina cha kujitetea.

Projekti yenyewe ni kutengeneza sauti kwa kujumlisha. Unachukua mawimbi laini, 220 Hz, 440 na 660, unayachanganya, sikio linasikia noti moja yenye rangi yake. Ukibadili kipimo cha kila moja, rangi inabadilika. Kwenye karatasi ni rahisi mno.

Nikaunda osileta tatu za Wien kwenye bredibodi, betri ya 9V (si mnajua umeme wetu). Asubuhi, baridi ya Kwaraa bado ipo, nikazitune vizuri kabisa. Saa nane mchana jua limewaka, kila osileta imehama kivyake, ile ya 660 imefika 668. Mama akachungulia: "Mwanangu, hao mbona wanagombana?"

Nikatune upya. Jioni zikahama tena. Siku tatu hivyo hivyo jamani, hadi nikaanza kuota namba.

Kilichoniokoa ni kinanda cha Hammond, kile cha 1935. Mle ndani hamna osileta hata moja! Kuna magurudumu ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku zenye koili, na yote yanaendeshwa na mota moja kupitia gia. Mota ikichelewa, noti zote zinashuka pamoja, hazigombani. Mpigaji anavuta vijiti 9 kupanga kipimo cha kila sauti.

Gia sina, ila kugawanya naweza. Nikang'oa zote, nikaweka 555 moja ya 1320 Hz, halafu CD4017 tatu: moja inagawa kwa 6, moja kwa 3, moja kwa 2. Hesabu inatoka ile ile, 220, 440, 660. Kinachotoka ni mapigo makali, kwa hiyo kila njia ina rezista na kapasita za kuyalainisha, kisha yanakutana kwenye LM358 kupitia 10k, 22k na 33k. Haijalainika kihivyo, inakwaruza kidogo.

Leo saa nane mchana 555 imehama, lakini zote zimehama nayo. Mama kaniambia nipunguze sauti, anasikiliza taarifa ya habari.

Kesho nalehemu, Jumapili nashika basi, mzigo nitaupakata mwenyewe. Mwenye LM358 ya akiba pale hosteli anishtue, maana ninayo moja tu.