Unga Ukilala, Ndipo Huumuka

Asubuhi nyingi mtaa wa Clement, San Francisco, huamkia kwenye ukungu kutoka bahari ya Pasifiki. Maduka ya Wachina hupanga mboga na matunda nje, na harufu ya mikate husikika njiani. Hapo ndipo lilipo duka la vitabu la Green Apple, lililofunguliwa mwaka 1967.

Binti mmoja wa Tanga, anayesomea uuguzi mjini humo, alinunua riwaya dukani hapo wiki mbili kabla ya mtihani. Ni Sourdough ya Robin Sloan, iliyotoka mwaka 2017. Inamhusu Lois, mtengeneza programu za roboti, anayeachiwa chachu na ndugu wawili waliokuwa wakimuuzia chakula. Hajawahi kuoka mkate maishani, lakini anajaribu.

Mama alipiga simu akiwa jikoni. Kwake ilikuwa alfajiri. Kwa binti, jioni ya siku iliyotangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unasoma?"

Binti hakuficha. Mama akanyamaza. Sehemu ya ada hutoka kwenye vitumbua alivyokuwa akivichoma saa ile.

"Mwanangu, hadithi wakati huu?"

"Kurasa ishirini tu, mama, baada ya saa tatu za masomo. Nisipopumzika nasoma ukurasa mmoja mara tatu, na hauingii."

Kisha akamweleza mkate wa mji ule. Hauhitaji hamira ya dukani. Unga na maji huachwa vichachuke vyenyewe, na kila siku ya kuoka donge hubakizwa kwa ajili ya kesho. Familia ya Boudin ilianza kuuoka mwaka 1849, wakati watu walipokimbilia dhahabu. Inasimuliwa kwamba tetemeko la mwaka 1906 lilipopiga, chachu yao iliokolewa ndani ya ndoo. Mwaka 1971 watafiti walimpa bakteria wa mkate huo jina la mji.

"Mkate wenyewe hautaki haraka, mama."

Mama akacheka. "Hilo unanifundisha mimi? Nisipoulaza unga, asubuhi sina biashara."

Mzazi akikuta kitabu cha hadithi juu ya meza ya masomo, aulize kwanza mtoto amesoma kwa muda gani, ndipo aamue kukifunga au kukiacha.

Mama wa Tanga aliamua. "Haya, ishirini. Ya ishirini na moja, ngoja umalize mtihani."