Transista ya Holmdel

Tusidanganyane, nilimpeleka Baba Holmdel kwa ajili ya hamu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza kutazama Severance, ile tamthilia ya wafanyakazi waliogawanywa kumbukumbu: wakiwa ofisini hawakumbuki nyumbani, wakitoka hawakumbuki ofisini. Jengo lao refu la vioo nilidhani limetengenezwa kwa kompyuta. Kumbe lipo, tena New Jersey hukuhuku ninakoishi, mwendo wa saa moja kwa gari.

Baba alikuwa amekuja kutoka Muheza kunitembelea. Alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili wiki ile aliniita kwa jina la marehemu dada yake, nami nikaitika.

Jengo lilichorwa na Eero Saarinen, mzaliwa wa Ufini, yuleyule wa tao kubwa la St. Louis. Lilifunguliwa 1962, yeye alifariki 1961, hakuwahi kuliona likiwa na watu ndani. Lilikuwa la Bell Labs, maabara za kampuni ya simu, na lilipoongezwa baadaye likafikia wafanyakazi kama 6,000. Kwa nje ni kioo kitupu: mawingu, miti, na gari lako mwenyewe likikujia. Kwa ndani ndipo nilipoanza kubishana na Saarinen. Mwanga wa nje aliupa korido! Korido ndizo zinazopita kandokando ya vioo, wakati ofisi na maabara zilijazwa katikati, bila dirisha. Ukitaka kujua kama mvua inanyesha, unyanyuke, utoke, ukutane na wenzako. Labda hiyo ndiyo ilikuwa hila yenyewe. Mimi ningeomba dirisha.

Humo ndimo Steven Chu na wenzake walipopooza atomi kwa mwanga wa leza miaka ya themanini, kazi iliyompa Nobeli 1997. Miaka kumi baadaye jengo likafungwa. Kulikuwa na mpango wa kulibomoa, wanasayansi na wasanifu majengo wakapiga kelele, na 2013 likanunuliwa na watu waliolifufua. Sasa linaitwa Bell Works: ofisi za kupanga, migahawa, maduka, hata maktaba. Yeyote anaingia.

Baba alitembea chini ya paa la kioo, mikono nyuma, akiwatazama vijana na kompyuta zao.

“Hawa wote hawana kazi?”

“Wako kazini, Baba.”

“Mh.”

Nikamwambia kwamba kabla ya jengo hili kuwapo, kwenye ardhi hiihii, Karl Jansky alikuwa akitafuta chanzo cha kelele zilizosumbua simu za redio, akagundua kwamba nyingine zinatoka katikati ya galaksi yetu. Alitangaza hivyo 1933. Baba, aliyetengeneza redio sokoni Muheza zaidi ya miaka thelathini, akacheka mpaka akakohoa.

“Mimi kelele hizo nililipwa kuziondoa!”

Tulipotoka akasimama ghafla kwenye maegesho. Mbele yetu kulikuwa na mnara wa maji, mweupe, kichwa kipana juu ya miguu mitatu mirefu. Nilikuwa nimesoma umefananishwa na nini. Sikusema kitu.

“Transista hiyo,” akasema. “Wameigeuza tangi.”

Ni kweli, ingawa transista yenyewe ilivumbuliwa Murray Hill, maabara nyingine ya Bell, 1947. Sikumsahihisha, maana alishaanza. Akaniomba kalamu. Nyuma ya risiti ya kahawa akachora kichwa na miguu mitatu, akaeleza kwa sauti ya fundi anayefundisha mwanafunzi: huu unaingiza, huu unatoa, huu wa kati ndio wenye amri, umeme mdogo ukipita hapa unaufungulia mkubwa njia. Hakukosea neno. Alikumbuka hata zile zilizokuwa zikiungua haraka mvua za masika. Wale wa kwenye tamthilia wakitoka ofisini wanaiacha kazi yote mlangoni. Kwa Baba, kazi ndiyo iliyokuwa imebaki, na nyumbani ndiko kulikokuwa kunafutika.

Ndani ya gari akaikunja risiti mara nne, akanikabidhi.

“Mpelekee binti yangu,” akasema. “Yuko hukuhuku Marekani. Anapenda sana mambo haya.”

“Sawa, Baba. Nitampa.”

Nikaitia kwenye mkoba, nikamfunga mkanda.