Mizani ya Dhahabu Huko Osiri

Osiri ni mahali pa wachimba dhahabu katika Nyatike, Kaunti ya Migori, upande wa Ziwa Viktoria. Wanaume huteremka mashimoni na kuyaleta mawe juu. Mawe husagwa yakawa unga, kisha wanawake huinamia makarai na kuuchanganya unga huo na maji na zebaki, kwa kuwa zebaki huikamata dhahabu na kuuacha mchanga. Tonge lipatikanalo huchomwa motoni. Zebaki hupanda kwa moshi wenye sumu, na karibu nusu ya uzito huondoka nayo. Kinachobaki hupelekwa kwa mnunuzi mwenye mizani ndogo.

Hapo ndipo penye mashaka. Aliyetoka shimoni huikazia macho mizani isiyo yake, naye ajua kuwa jasho la siku nyingi laweza kupotea kwa kidole kimoja cha mnunuzi.

Mashaka hayo si ya leo. Mwaka 1449 mchoraji Petrus Christus wa mji wa Bruges, ulioko Ubelgiji, alichora picha ya sonara aketiye dukani, akipima pete kwa mizani ndogo. Karibu naye wamesimama bwana na bibi waliovaa mavazi ya fahari. Picha hiyo imewekwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Kwa muda mrefu sonara huyo alidhaniwa kuwa Mtakatifu Eligius, msimamizi wa masonara, kwa sababu kichwani alikuwa na duara la nuru. Eligius aliishi katika karne ya 7, akawa askofu wa Noyon huko Ufaransa. Husimuliwa kwamba Mfalme Chlothar alimpa dhahabu ya kutengenezea kiti kimoja cha enzi, naye kwa dhahabu ile ile akatengeneza viwili, asifiche hata chembe.

Lakini wataalamu walitambua kuwa duara lile liliongezwa na mkono mwingine baadaye, na mwaka 1993 likafutwa. Duara likaondoka, mizani ikabaki. Basi mnunuzi wa Osiri naye hadaiwi utakatifu. Adaiwa uzito wa kweli. Na wachimbaji wakishirikiana kununua mizani yao wenyewe, wakapima kabla ya kuuza, hawatalazimika kungojea mtakatifu.