Wajukuu Wanauliza Kuhusu Bangi

Enzi zetu pale Tanga, habari ya bangi ilimalizwa kwa neno moja: ukivuta utarukwa na akili. Mzee akishasema hivyo, nani angethubutu kuuliza? Wavutaji tuliowajua walikuwa watu wazima, wapagazi na wakata mkonge, nao walijitenga na macho ya watoto. Onyo lilitutosha kwa kuwa hatukuwa na cha kulipimia.

Wajukuu zetu wanacho. Wana rafiki anayevuta na bado anafaulu mitihani. Wana simu inayowaonyesha duka la bangi huko Canada, linang'aa kama duka la dawa. Ukimwambia kijana wa miaka 16 kwamba msokoto mmoja unaleta wazimu, ataitikia kwa adabu, "Ndiyo, babu," na kuanzia hapo hakuamini tena hata ukisema la kweli. Hilo linaniuma, maana la kweli lipo, na ni zito.

Mjukuu wangu aliniuliza tukimenya mihogo uani: "Babu, kama ni mbaya, mbona Canada wameruhusu?" Swali la haki. Nikamwambia ni kweli, waliruhusu mwaka 2018, lakini kwa watu wazima. Katika jimbo lao la Quebec ni mpaka utimize miaka 21, na majimbo ya Marekani yanayoruhusu iuzwe kwa starehe nayo yameweka 21. "Hata hao wenye leseni ya kuiuza hawamuuzii mtu wa umri wako. Unadhani kwa nini?" Kisu kikasimama juu ya muhogo. Baada ya hapo maswali yakawa yake.

Tuliongea mpaka adhana ya magharibi. Nilimweleza kwamba ubongo huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi, na anayevuta mara kwa mara kabla ya hapo huweza kudhoofika kumbukumbu na umakini. Wanaoanza katika umri wake, inakadiriwa mmoja kati ya sita huishia kuwa mtumwa wa bangi. Wapo wanaoanza kusikia sauti zisizokuwepo, hasa wenye ndugu waliougua akili na wanaovuta skanka, bangi iliyo kali kuliko ile ya zamani. Si wote, nilimwambia hivyo hivyo. Ila hakuna anayejua mapema kama yumo. Na hapa kwetu kukutwa nayo ni kosa la jinai. Rafiki aliyekupa hatakwenda mahakamani kwa niaba yako.

Nawaona wazazi wa leo wakinusa mashati na kupekua mabegi. Wakikuta dalili kama dawa ya macho na pipi za minti, wanachukua fimbo. Fimbo humfundisha mtoto kuficha vizuri zaidi. Muulize kwanza anatafuta nini kwenye bangi. Mara nyingi utasikia habari za usingizi uliopotea, hofu ya mtihani, au nyumba ambayo baba na mama hawasemezani. Hapo ndipo kazi ya mzazi ilipo, na ni ngumu kuliko kuchapa.

Wazee wenzangu, tusiwaachie simu na kijiwe wazungumze na watoto wetu kabla yetu. Na mtoto akianza kukesha usiku kucha au kujibu sauti ambazo wengine hawazisikii, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimfiche ndani kwa ajili ya aibu.