Kutoka na Kuzirai

Nilianza kujifunza Kirusi nikiwa mtu mzima, mjini Moscow, katika majira ya baridi ya mwaka 1983. Wakati huo nilikuwa na lugha mbili: Kiswahili nilichozaliwa nacho, na Kiingereza nilichopewa shuleni. Mwaka wetu wa kwanza ulikuwa wa lugha tupu. Elimu nyingine zilingoja mlangoni. Wengi darasani tulitoka katika nchi zilizopata kutawaliwa na Waingereza, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa daraja letu. Kila neno la Kirusi lilipita juu yake ndipo lilipotufikia. Daraja hilo lilitufaa sana, lakini lilikuwa na mbao mbovu ambazo hatukuzijua ila kwa kuzikanyaga.

Ubovu wenyewe ni huu. Mwingereza ana desturi ya kuchukua kitenzi kidogo cha kila siku, kama kwenda, kupa, kuweka au kutazama, akakifuatisha kijineno cha mahali: juu, chini, ndani, nje. Viwili hivyo vikikaa pamoja huzaa maana ya tatu isiyofanana na baba wala mama. Asemapo "give up" hatoi kitu juu. Amekata tamaa, au ameacha jambo. Asemapo "put up with" haweki kitu popote, anavumilia. Mwanafunzi wa Kiafrika huyameza maneno haya mazima utotoni, kama dawa, hata akasahau kuwa yana vipande. Siku anapotaka kuyafasiri ndipo vipande vinapomtokea, tena wakati asiovihitaji.

Mrusi naye anavyo vijineno vya mahali, lakini haviachi vizurure nyuma ya kitenzi. Huvigandisha mbele yake vikawa neno moja. Kitenzi cha kwenda kwa miguu peke yake kina ukoo mkubwa: "voyti" ni kuingia, "vyyti" ni kutoka, "priyti" ni kufika, "uyti" ni kuondoka, "pereyti" ni kuvuka, "podoyti" ni kukaribia, "oboyti" ni kuzunguka. Sisi tukitaka kugeuza mwendo wa kitenzi twaenda mkiani mwake: andika, andikia, andikiana, andikisha. Basi Mwingereza hukifunga kijineno nyuma kwa kamba ndefu, Mrusi hukishona kichwani, na Mswahili hubadili mkia. Nilipoona jambo hilo nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani, nikajitungia kanuni ambayo hakuna mwalimu aliyenipa: "out" ya Kiingereza ni "vy" ya Kirusi. Kutoka, kutoa nje, kuruka nje, kuvuta nje, vitenzi vyote hivyo vilitii. Kwa juma zima niliitumia kanuni yangu, nikaona kuwa Kirusi si kigumu kama watu wasemavyo.

Usiku mmoja wa juma hilo mwenzangu wa chumbani, kijana wa Ghana, alikuwa na homa. Alikwenda msalani akakawia. Mwanafunzi mwingine akaja mbio akipiga kelele kwa Kiingereza, "He's passed out!" Nilimwelewa mara moja. Rafiki yetu alikuwa amezirai, yu chini juu ya vigae. Nilishuka ngazi za ghorofa nne mpaka mlangoni, alipokaa bibi bawabu nyuma ya meza yake, na simu, na daftari la watu wanaotoka usiku. Njiani nilitafuta neno la Kirusi la kuzirai, nisilione. Sikuwa nimefundishwa. Nilichokuwa nacho ni kanuni. Nikamtajia bibi, kwa sauti ya mtu mwenye habari kubwa, jina la rafiki yangu, kisha nikasema, "Vyshel."

"Vyshel" maana yake ametoka. Bibi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa tano ya usiku, na mlango alikuwa amekwisha ufunga kwa mkono wake mwenyewe. Aliniuliza ametokea wapi. Nikarudia kwa nguvu zaidi: ametoka, ametoka! Akatikisa kichwa, akafungua daftari, akaandika jina la rafiki yangu na saa. Kisha akaniambia polepole, kama mtu asemavyo na mtoto, kwamba akirudi atagonga, naye atamfungulia, lakini asubuhi atapelekwa kwa mkubwa wa bweni. Nilimwomba tufuatane. Akajibu kwamba hawezi kumfuata mtu barabarani katika baridi ile.

Mwishowe niliacha maneno. Nililala sakafuni mbele ya meza yake, nikafumba macho, nikaiachia mikono. Bibi aliruka. "Poteryal soznanie!" alisema, yaani amepoteza fahamu, na kabla sijainuka alikuwa amekwisha piga 03, namba ya gari la wagonjwa. Alipanda ngazi zote mbele yangu, na umri wake ule. Rafiki yangu alikuwa angali juu ya vigae, na damu kichwani alipojigonga. Daktari alipofika aliuliza amelala hivyo kwa muda gani. Watu walinigeukia mimi nilifasiri swali hilo, na jibu lake nililitoa mwenyewe.

Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyekuwa mpole kuliko lugha yake, aliposikia habari hii hakucheka. Aliniamuru nimletee sentensi tano za Kiingereza zenye "out" ndani yake, zisizohusu mwendo wa mtu wala wa kitu. Nikaleta: moto umezimwa, mkate umekwisha, marafiki wamegombana, siri imejulikana, jambo limedhihirika kuwa kweli. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeandika "put out", "run out", "fall out", "find out" na "turn out". Yeye akaandika ubavuni: "potushit'", "konchit'sya", "possorit'sya", "uznat'", "okazat'sya". Vitenzi vitano, na hata kimoja hakikuanza na "vy". Kisha alifuta Kiingereza chote ubaoni, akaacha Kirusi peke yake, akaniuliza maneno hayo kwa lugha ya kwetu ni yapi. Nikamjibu: kuzima, kwisha, kugombana, kujua, kudhihirika. Kila neno moja lake lilipata neno moja langu. Daraja la katikati ndilo lililokuwa na vipande viwili, nami kwa miezi mingi nilikuwa nikipitisha mizigo yangu juu yake hata pale ambapo mto haukuwapo.

Asidhani mtu, hata hivyo, kuwa Mrusi ni mwepesi. "Give up" ya mvuta sigara kwake ni "brosit'", kutupa. Ya askari aliyeshindwa ni "sdat'sya". Ya kijana anayempisha mzee kiti garini ni "ustupit'". Tena kila kimoja kina pacha wake, kwa maana Mrusi hutaka kujua kama tendo lilikuwa likiendelea au limekwisha timia. Mtu akisema "brosal", alikuwa akiacha sigara, na huenda anayo moja mfukoni. Akisema "brosil", ameacha. Mfasiri sharti aamue, hata pale ambapo mwandishi wake Mwingereza hakusema.

Hayo ni ya vitenzi. Misemo yenye picha ilinipa taabu ya namna nyingine, tena yenye raha. Katika maktaba tulikuwa na kamusi ya misemo ya Kiingereza na Kirusi ya A. V. Kunin, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1955, nami niliisoma kama watu wasomavyo hadithi. Siku hizi simu ya mkononi huyatoa majibu haya upesi kuliko mtu kufungua jalada, lakini haimpi mtu nafasi ya kupotea katika ukurasa wa jirani. Niliona kwamba mvua ya Mwingereza hunyesha paka na mbwa, na ya Mrusi humwagika kama kutoka katika ndoo. Mwingereza akinunua kitu asichokitazama amenunua nguruwe ndani ya gunia. Mrusi amenunua paka. Lisilotokea kamwe, kwa Mwingereza litatokea nguruwe watakaporuka angani, na kwa Mrusi litatokea kamba wa mtoni atakapopiga mluzi mlimani. Aliyeumwa mara moja, asema Mwingereza, huogopa mara mbili. Mrusi asema aliyeungua kwa maziwa hupuliza hata maji. Hapo sikuhitaji kamusi, maana kwetu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Huyo wa kwetu na yule wa Kirusi ni ndugu: wote wawili wanaogopa kitu kisicho na kosa. Yule wa Kiingereza ni mwoga tu.

Chumvi ndiyo iliyonikalisha zaidi. Mwingereza huambiwa aipokee habari ya mashaka pamoja na chembe ya chumvi. Nililifasiri jambo hilo neno kwa neno katika zoezi, na mwalimu akaandika pembeni: "Kwa nini chumvi?" Mrusi akila chumvi katika msemo huila na mwenzake, ili umjue mtu, husema, sharti mle pudi ya chumvi pamoja. Pudi ni kipimo cha zamani cha Urusi, kilo 16 na zaidi kidogo, na watu wawili hawaimalizi chumvi hiyo kwa mwaka mmoja. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kitu ni kimoja, na katika lugha tatu ni shaka, ni urafiki, na ni umri. Anayemfasiria Mrusi chembe ile ya Mwingereza afadhali aiache chumvi jikoni, aseme tu kwamba habari isiaminiwe yote.

Sasa nafika mahali ambapo mimi na kamusi tulitofautiana. Mwingereza akipeleka kitu mahali kilipo tele husema amepeleka makaa Newcastle, mji uliosafirisha makaa ya mawe kwa karne nyingi. Mrusi husema amekwenda Tula na samovari yake, kwa kuwa Tula ndiko zilikofuliwa samovari, mitungi ile ya shaba ya kuchemshia maji ya chai. Maana ni moja, kama viatu vya jozi moja. Lakini itie samovari hiyo kinywani mwa mchimba makaa wa Uingereza katika riwaya, na mara atavaa kofia ya manyoya. Msomaji hatajua tena yuko nchi gani. Katika mazungumzo ya njiani ningempa samovari bila kusita. Katika kitabu ningesema kwa maneno makavu kwamba amepeleka vitu visikohitajiwa, nikapoteza ladha kidogo nikaokoa nchi yake. Wafasiri wengi niliofanya kazi nao hawakubali. Husema kwamba msemo uliofasiriwa hivyo ni samaki aliyekauka. Ni kweli, lakini samaki mkavu huliwa.

Kuna kitabu kisichompa mfasiri nafasi hiyo. Lewis Carroll, katika kisa cha Alice cha mwaka 1865, alichukua misemo ya Kiingereza akaipa miguu. Waingereza walisema mtu ana wazimu kama mshona kofia, ana wazimu kama sungura wa mwezi wa Machi, anakenua meno kama paka wa Cheshire. Naye akawaketisha mshona kofia na sungura mezani wanywe chai, na paka akampandisha mtini. Warusi hawana msemo kwamba washona kofia ni wenda wazimu. Kwao huyo ni fundi kama fundi mwingine. Vladimir Nabokov alikifasiri kitabu hicho, kikatolewa Berlin mwaka 1923. Alimgeuza Alice kuwa Anya, na panya ambaye Alice alimdhania kuwa alikuja Uingereza pamoja na William Mshindi, yeye akamleta Urusi pamoja na Napoleon. Huyo alichagua samovari, wala hakuona haya. Nina Demurova, ambaye tafsiri yake ilitoka Sofia mwaka 1967, alimwacha Alice Uingereza, lakini mshona kofia alimwita Bolvanshchik. "Bolvan" kwa Kirusi ni kinyago cha mti ambacho fundi hutengenezea kofia, tena ni mpumbavu. Kwa jina moja alipata kofia na upungufu wa akili, bila kugusa kipande hata kimoja cha msemo wa Kiingereza. Niliposoma ukurasa huo mara ya kwanza nilikumbuka sakafu ya mlangoni, na jinsi ilivyokuwa baridi mgongoni.

Rafiki yangu alikaa hospitali siku sita. Jioni aliyorudi nilikwenda kumchukua, tukaingia pamoja, kichwa chake kimefungwa kitambaa cheupe. Bibi bawabu alituita mezani. Akafungua daftari lake, akarudisha kurasa nyuma mpaka ule usiku. Jina lilikuwapo, na saa aliyotoka. Mahali pa saa ya kurudi palikuwa wazi. Bibi akatazama saa ya ukutani, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akajaza.